Sir Humphry Davy, Mlinzi wa Meli

Katika toleo hili nimependa kuwaeleza wasomaji maisha ya Sir Humphry Davy, mtaalamu mkubwa wa kemia wa Uingereza. Wengi humjua kwa taa yake ya wachimba makaa ya mawe. Mimi nimevutwa zaidi na juhudi yake ya kuzilinda meli zisiliwe na maji ya bahari, maana ndani yake mna mafunzo yatufaayo sisi wanafunzi. Pengine mtu atauliza: sisi wa Singida, tulio mbali na pwani, tuna haja gani na habari za meli? Namwomba avumilie kidogo. Ataona kwamba habari hizi zimefika hata juu ya paa la nyumba yake.

Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 katika mji wa Penzance, pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza. Baba yake, aliyekuwa mchonga mbao, alifariki mwaka 1794, akaacha mjane, watoto watano na madeni. Humphry, kifungua mimba, alipelekwa kujifunza kazi kwa tabibu mmoja wa mji ule. Huko alijifundisha kemia mwenyewe kwa vyombo duni. Mwaka 1801 aliitwa London kufundisha katika Royal Institution, naye alikuwa na umri wa miaka 22 tu.

Mwaka uliotangulia, Volta wa Italia alikuwa ametengeneza betri kwa kupanga mabamba ya madini mawili mbalimbali. Davy alikishika chombo hicho kwa bidii. Mwaka 1807 alipitisha umeme katika potasi na soda, akapata madini mapya mawili, potasiamu na sodiamu. Sodiamu ndiyo iliyomo katika chumvi tulayo kila siku. Mwaka 1808 akapata kalsiamu na magnesiamu. Taa ya wachimba makaa aliitengeneza mwaka 1815, na mwaka 1820 alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza.

Mwaka 1823 wakuu wa jeshi la majini walimletea shida yao. Meli za wakati ule zilikuwa za mbao, na baharini wamo wadudu watoboao mbao. Mabaharia wa pwani yetu walipaka majahazi yao deheni ili kuwazuia. Waingereza walifunika meli zao kwa mabamba ya shaba. Lakini shaba yenyewe ililiwa na maji ya chumvi, na kuibadilisha kuligharimu fedha nyingi.

Davy aliwaza hivi: madini mawili mbalimbali yakigusana ndani ya maji ya chumvi, huwa kama betri ndogo. Moja huliwa na jingine husalimika. Basi shaba ikifungiwa kipande cha zinki au cha chuma, kipande hicho kitaliwa badala yake. Alijaribu katika bandari ya Portsmouth, akaona kwamba hata kipande chenye ukubwa wa sehemu moja ya mia ya eneo la shaba chatosha. Mwaka 1824 meli zikaanza kufungwa vipande hivyo, nayo shaba ikakaa salama kabisa.

Hapo ndipo msiba ulipomfika. Shaba ilipokuwa ikiliwa polepole, sumu yake ilizuia mwani na viumbe wa magamba wasigande. Sasa shaba hailiwi, basi na sumu haipo. Meli zilirudi safarini zimeota mwani tele, zikienda kwa uzito. Mwaka 1825 amri ikatolewa vipande viondolewe katika meli za safari, na Davy akadhihakiwa hadharani. Mwishoni mwa mwaka 1826 alipooza. Alifariki Geneva tarehe 29 Mei 1829, umri wake miaka 50.

Je, alishindwa? Mimi nasema hapana. Jaribio lake lilijibu sawasawa swali moja, yaani jinsi ya kuizuia shaba isiliwe. Bahari ikauliza swali la pili. Meli za chuma zilipokuja, rangi maalumu ikachukua kazi ya kuzuia mwani, na vipande vya zinki vikarudi kuilinda meli yenyewe. Hata leo hufungwa karibu na usukani na pangaboi. Sharti viguse chuma kitupu, visipakwe rangi, na vibadilishwe kabla havijakwisha. Katika maji yasiyo na chumvi, kama ya Ziwa Tanganyika, zinki haina nguvu ya kutosha, na magnesiamu hufaa zaidi. Nayo ni madini yale yale aliyoyapata Davy mwaka 1808!

Chombo cha kisasa kina adui mwingine pia. Waya uliochubuka ukivujisha umeme wa betri majini, chuma huweza kuliwa kwa siku chache kuliko ambavyo kingeliwa kwa miaka. Zinki peke yake haiwezi kuzuia hayo. Dawa yake ni kuziba waya vizuri, kuuweka mahali pakavu, na kuzima swichi kuu chombo kinapolala.

Tena tazameni mabati ya nyumba zetu. Ni chuma kilichopakwa zinki. Hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huendelea kuliwa kwa niaba ya chuma. Hiyo ni kanuni ile ile ya Davy.

Basi, wanafunzi wenzangu, tujifunze mambo mawili. Kwanza, jaribio likifaulu chumbani, tuulize kazini litaleta nini. Pili, wazo la kweli likichekwa leo, tusilitupe. Huenda linangoja mahali pake.