Dakta Livingstone na mkono uliokataa kuunga

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Hapa kwetu Usinge kuna ubishi mkali. Kijana mmoja mrina asali alianguka kutoka juu ya mti, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Nusu ya ukoo wanataka apelekwe kwa mzee anayeunga mifupa, nusu wanataka apandishwe treni mpaka hospitali Tabora. Nilipoulizwa nasimama upande gani, nikamkumbuka jamaa mmoja wa zamani aliyewahi kuishi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora: Dakta David Livingstone.

Shuleni tulifundishwa kwamba alikuwa mmisionari na mpelelezi, basi. Wengi tunasahau kwamba alikuwa daktari, tena daktari aliyeugua sana.

Alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, Uskoti, kwenye familia maskini. Akiwa na miaka 10 tu aliingizwa kiwanda cha pamba, akawa anasoma usiku. Alisomea udaktari Glasgow na kupata cheti mwaka 1840, lakini siku ya mtihani alibishana na wakubwa wake kuhusu kile kifaa cha kusikilizia kifua, ambacho enzi hizo kilikuwa bado kigeni. Kidogo wamfelishe. Mnaona? Madaktari kubishana kuhusu tiba si jambo la leo.

Mwaka 1844, akiwa Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimrukia. Meno 11 yakazama mkono wa kushoto na mfupa ukasagika. Aliyemwokoa ni mwenzake Mebalwe, aliyejaribu kumpiga simba risasi, na yeye akang'atwa paja. Sasa daktari ndiye mgonjwa, porini, hakuna daktari mwingine. Mfupa ukafungwa hivyo hivyo. Kidonda kilipona lakini mfupa haukuunga sawasawa, ukabaki unacheza kama kiungo cha bandia. Tangu hapo hakuweza kuinua mkono ule kupita bega. Yaani bwana mkubwa mwenye cheti alitembea na mkono mbovu kwa miaka 29!

Upande wa malaria alifanya vizuri zaidi. Alitengeneza vidonge vyake mwenyewe, ndani yake kukiwa na kwinini, zebaki na dawa za kuharisha. Wagonjwa wengi walipata nafuu, sifa zikaenda kwa mchanganyiko wote. Leo tunajua kilichopigana na malaria ni kwinini. Zebaki ni sumu. Hata hivyo vidonge havikuwa miujiza: mkewe Mary alikufa kwa homa Shupanga, kwenye mto Zambezi, mwaka 1862.

Safari ya mwisho ndiyo iliyomleta huku kwetu. Mwaka 1867 wapagazi waliotoroka waliondoka na sanduku lake la dawa, na afya yake ikaanza kuporomoka: kichomi, vidonda vya miguu, kuhara damu. Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871. Februari 1872 wakafika Kwihara, baada ya kuzungukia kusini. Njia ya huku kwetu haikupitika kirahisi kwa sababu ya vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora. Stanley alimwachia dawa na mahitaji mengine, lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Agosti aliondoka tena, na Mei 1873 akafariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili na kuubeba mpaka pwani. Oktoba walipita nao Kwihara. Ulipofika London mwaka 1874, watu wakauliza, huyu kweli ni yeye? Daktari Fergusson akaushika mkono wa kushoto, akaukuta ule mfupa usiounga. Wakaamini. Akazikwa Westminster Abbey.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mimi naona maisha ya mzee huyu yana somo moja: tiba haipimwi kwa jina la anayeitoa, inapimwa kwa hali ya mgonjwa baadaye. Mkono unainuka? Unashika jembe? Cheti hakikumsaidia Livingstone kuunga mfupa wake. Na mtu kupona baada ya kunywa vitu vitatu hakuonyeshi ni kipi kilichomponya.

Chukua tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, kairopraktiki, iliyoanzishwa na Daniel David Palmer huko Marekani mwaka 1895. Wafuasi wake waligawanyika: wengine walisema karibu kila ugonjwa unatoka kwenye uti wa mgongo, wengine wakachanganya na tiba nyingine. Uchunguzi umeonyesha inaweza kusaidia kiasi maumivu ya kawaida ya kiuno. Kuponya kila kitu, hapana.

Mwaka huo huo wa 1895 Röntgen aligundua eksirei. Livingstone hakuwahi kuipata, sisi tunayo. Kwa hiyo nilipoulizwa nilisema hivi: kwanza picha, tujue mfupa umekaaje, ndipo tubishane nani aufunge. Simdharau mzee wetu, wapo aliowafunga wakapona. Lakini yeyote atakayefunga, angalieni vidole. Vikipoa, vikibadilika rangi au kufa ganzi, ujue kamba imebana na damu haipiti. Hapo hakuna kusubiri kesho, mkono unaweza kukatwa.

Kijana kaondoka na treni jana usiku, babu yake na mzee muunga mifupa wamemsindikiza mpaka stesheni. Tunasubiri habari.

Nawasilisha. Wadau, nyie mngefanyaje?