Siku Jua Lilipopatwa Madina

Vijana wetu chuoni huhifadhi sifa nne zilizo wajibu kwa Mitume: ukweli, uaminifu, kufikisha ujumbe na werevu. Huzihesabu kwa vidole, wakaishia hapo. Leo twapenda kuitazama ile ya kwanza katika maisha ya Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Kabla hajaletewa wahyi, watu wa Makka walimwita Al-Amin. Alipopanda Safa kuwalingania hadharani, aliwauliza kwanza kama wangemsadiki akiwaambia kuna jeshi nyuma ya mlima, nao wakakiri kwamba hawajapata kumjua kwa uwongo. Hata Abu Sufyan, naye siku hizo ni adui, aliposimamishwa mbele ya Heraclius mfalme wa Warumi, hakuthubutu kumsingizia uwongo.

Lakini kusema kweli mbele ya adui si mtihani mzito. Mtihani mzito ni pale uwongo unapokutukuza, nao watoka vinywani mwa wakupendao.

Mwezi wa Mfunguo Tatu, mwaka wa 8 wa Hijra, Bibi Maria alimzalia mwana, akamwita Ibrahim. Qasim na Abdullah walikuwa wamekwisha kufa zamani huko Makka. Mtoto alinyonyeshwa na mke wa mhunzi mmoja wa Madina, na Mtume alikuwa akienda huko, nyumba imejaa moshi wa viriba, akampakata mwanawe na kumbusu. Hakutimiza miaka miwili. Alimfia mikononi, na machozi yakamtoka. Abdurrahman bin Auf alipoona ajabu, akamfahamisha kuwa hiyo ni rehema. Kisha wakamzika Baqi.

Siku hiyo jua likapatwa. Elimu ya falaki yaonyesha kwamba ilikuwa tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema: limepatwa kwa kufa Ibrahim.

Tafakari, ewe msomaji. Hakuhitaji kusema uwongo. Kunyamaza kwake kungetosha. Maneno yangeenea Bara Arabu yote, na wangapi wangezidi kumsadiki! Naye ni mzazi mwenye msiba, angepata faraja kuona mbingu zaomboleza pamoja naye. Hakunyamaza. Alitoka, akawasalisha sala ndefu, ile ile ya Kusuf tunayoisali hata leo, kisha akawahutubia kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, wala hazipatwi kwa mauti ya mtu wala kwa uhai wake. Aliwaamrisha wamwombe Mungu, wasali na watoe sadaka.

Leo tunao ndugu zetu wanaosimulia miujiza isiyo na asili katika Qur'ani wala katika Hadithi sahihi, wakidai kuwa ni kumtukuza Mtume. Mapenzi yao hatuyatilii shaka. Twawauliza tu: ni nani aliyewaruhusu kumpa leo kitu alichokikataa mwenyewe, udongo wa kaburi la mwanawe haujakauka?