Burkitt na somo la kubisha hodi kwa jirani

Denis Burkitt hakuwa mtafiti wa maabara. Alikuwa daktari mpasuaji, tena mwenye jicho moja, kwani la pili lilipotea kwa ajali akiwa na umri wa miaka 11. Hata hivyo, jina lake limedumu katika vitabu vya tiba kwa kuwa alijua thamani ya kubisha hodi kwa jirani.

Alizaliwa mwaka wa 1911 mjini Enniskillen, Ayalandi, akasomea udaktari Dublin, na mwaka wa 1946 akaja kufanya kazi Uganda. Mnamo 1957, katika Hospitali ya Mulago, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Haukupita muda mrefu, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uo huo. Hapo aling'amua kuwa gonjwa hilo halikuwa la Mulago peke yake.

Mnamo Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi aliyevutwa na tangazo ukutani. Kutokana na mhadhara huo, vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka wa 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuviona virusi ambavyo vilikuja kutambuliwa kuwa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Burkitt naye hakuketi akasubiri. Alituma hojaji kwa hospitali za serikali na za misheni barani. Mwishoni mwa 1961, yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu, wakasafiri takriban kilomita 16,000 wakielekea kusini mwa Afrika na kuzuru hospitali zaidi ya 50. Walichokusanya kilidhihirisha kwamba, karibu na ikweta, saratani hiyo ilikuwa adimu katika nchi za juu kupita mita 1,500 hivi, ilhali ilikithiri penye joto na mvua nyingi. Baadaye ilibainika kwamba malaria huvisaidia virusi hivyo kuleta madhara.

Msomaji wa Kisii na Nyamira na alitafakari jambo hili. Sehemu kubwa ya milima ya Gusii iko juu ya mpaka huo. Mwambao wa Ziwa Viktoria, ulio mwendo mfupi tu, uko chini yake. Daktari wa mlimani asipozungumza na wa ziwani, kila mmoja huona nusu ya ugonjwa.

Kwa hivyo mhadhara unaotolewa katika Chuo Kikuu cha Kisii usiwe siri ya chuo hicho. Tangazo lake libandikwe katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, katika hospitali ya Nyamira na katika vyuo vya utabibu vya miji hiyo miwili. Semina nazo zihame kwa zamu, na muuguzi wa zahanati apewe nafasi ya kueleza alichokiona, kwani ushahidi wa Burkitt ulitoka kwa watumishi wa hospitali ndogo. Gharama yake ni nauli na karatasi.

Burkitt alifariki mwaka wa 1993. Kidole kimoja hakivunji chawa, na maisha yake yatosha kuwa ushahidi.