Ignaz Semmelweis na Makala Iliyochelewa: Maisha ya Tabibu Aliyesita Kuandika

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya tiba, ugunduzi na uandishi ni mambo mawili yanayotegemeana. Tabibu aweza kutambua chanzo cha maradhi na hata kuyazuia katika wodi yake, lakini utambuzi huo hauwi elimu ya wote mpaka uandikwe, uchapishwe na kupimwa na wataalamu wengine. Maisha ya Ignaz Philipp Semmelweis (1818–1865) ni kielelezo cha jambo hili. Mwaka 1847, katika Hospitali Kuu ya Vienna, alionyesha kwamba homa ya nifasi, yaani homa iliyokuwa ikiwaua wanawake siku chache baada ya kujifungua, ingeweza kuzuiwa kwa kunawa mikono kwa maji yenye klorini. Hata hivyo, makala yake ya kwanza juu ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 1858, na kitabu chake kamili kilitoka kikiwa na tarehe ya mwaka 1861. Masimulizi mengi hulaumu ukaidi wa wapinzani wake. Ukaidi huo ulikuwapo, lakini hautoshi kueleza pengo la zaidi ya miaka kumi. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na kusita kwa Semmelweis mwenyewe kushika kalamu.

2.0 Malezi na Elimu

Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 katika mtaa wa Tabán, mjini Buda, mji ambao baadaye, mwaka 1873, uliunganishwa na Pest na Óbuda kuwa Budapest. Wakati huo Hungaria ilikuwa chini ya dola ya Habsburg. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula na viungo, na nyumbani kwao walizungumza Kijerumani cha watu wa Buda. Kihungaria kilikuwa lugha ya taifa lake, Kilatini kilikuwa lugha ya shule, na Kijerumani sanifu kilikuwa lugha ya chuo kikuu. Hivyo alikulia katikati ya lugha kadhaa, na baadaye alikiri katika utangulizi wa kitabu chake kwamba alikuwa na chuki ya kuzaliwa nayo dhidi ya kila aina ya uandishi.

Mwaka 1837 alikwenda Vienna kusomea sheria, lakini mwaka uliofuata alihamia tiba. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1844, kwa tasnifu fupi ya Kilatini kuhusu uhai wa mimea. Waliomjenga kitaaluma walikuwa watatu: Karl von Rokitansky, bingwa wa uchunguzi wa maiti, Josef Skoda, aliyefundisha kutafuta chanzo cha ugonjwa kwa kuondoa dhana moja baada ya nyingine, na Ferdinand von Hebra, mtaalamu wa maradhi ya ngozi. Watu hao watatu ndio waliokuja kusema kwa niaba yake pale yeye aliponyamaza.

3.0 Wodi Mbili za Vienna

Mwaka 1846 Semmelweis aliteuliwa kuwa msaidizi wa Profesa Johann Klein katika kliniki ya kwanza ya uzazi. Hospitali ilikuwa na kliniki mbili. Ya kwanza ilitumika kuwafundishia wanafunzi wa udaktari, na ya pili ilitumika kuwafundishia wakunga. Akina mama walipokewa katika kliniki hizo kwa zamu, kufuatana na siku waliyofika. Kati ya mwaka 1841 na 1846, kliniki ya kwanza ilipoteza takriban asilimia 9.9 ya wanawake waliojifungulia humo, na ya pili asilimia 3.9. Habari hizo zilifahamika mjini, na wanawake walilia na kusihi wasipelekwe kliniki ya kwanza. Isitoshe, waliojifungua njiani kabla ya kufika hospitalini waliugua mara chache kuliko waliojifungulia mikononi mwa madaktari.

Semmelweis alizipima dhana zilizokuwapo kwa njia aliyofunzwa na Skoda. Hewa chafu ya mji ilizifikia kliniki zote mbili kwa usawa. Msongamano ulikuwa mkubwa zaidi katika kliniki ya pili, iliyokuwa salama zaidi. Alibadilisha namna ya kuwalaza akina mama wakati wa kujifungua, akamwomba padri asipite wodini na kengele yake akielekea kwa wanaokufa, vifo havikupungua. Mwezi Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, profesa wa tiba ya kisheria, alikufa baada ya kuchomwa kidole na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Semmelweis aliposoma matokeo ya uchunguzi wa mwili wake, alitambua dalili zilezile za akina mama wa kliniki ya kwanza. Tofauti ya kliniki mbili ikawa dhahiri: wanafunzi wa udaktari walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwapima wajawazito, ilhali wakunga hawakupasua maiti.

Katikati ya mwezi Mei 1847 aliamuru kila anayeingia wodini anawe kwa maji ya klorini, na baadaye kwa chokaa ya klorini iliyokuwa rahisi kwa bei. Mwezi Aprili vifo vilikuwa vimefikia takriban asilimia 18. Kufikia Julai vilishuka hadi asilimia 1.2. Kwa mwaka mzima wa 1848 kliniki ya kwanza ilipoteza wanawake 45 kati ya 3,556. Mwezi Oktoba 1847, wanawake waliolazwa pamoja na mgonjwa wa saratani ya mji wa mimba iliyooza waliambukizwa, na 11 kati ya 12 wakafariki. Ndipo alipotambua kwamba sumu haikutoka kwa maiti peke yake, bali ilitoka kwa kitu chochote cha kiwiliwili kilichooza, hata katika mwili ulio hai.

4.0 Ugunduzi Ulioandikwa na Wengine

Huo ndio wakati ambapo makala ilihitajika. Semmelweis alikuwa na swali, majedwali, mbinu na matokeo, lakini hakuandika. Badala yake, Hebra alitoa taarifa fupi katika jarida la Chama cha Madaktari cha Vienna mwezi Desemba 1847, na nyingine mwezi Aprili 1848. Charles Routh, tabibu Mwingereza aliyesoma Vienna, aliwasilisha habari hiyo London mwishoni mwa mwaka 1848. Skoda aliieleza mbele ya Chuo cha Sayansi cha Vienna mwaka 1849. Wengine walipata habari kwa barua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Habari za Semmelweis hazikupotea zote, lakini zilifika zikiwa nusu. Zilizoenea zaidi zilitilia mkazo sumu ya maiti, na zikaiacha nyuma ile sehemu ya pili ya ugunduzi, inayohusu uozo wa mwili ulio hai. Kwa hiyo tabibu aliyeona homa hiyo mahali ambapo maiti hazikupasuliwa alidhani amekwisha kuikanusha nadharia nzima. James Young Simpson wa Edinburgh aliona kwamba Vienna haikusema lolote ambalo Waingereza hawakulijua kuhusu uambukizo. Carl Levy wa Copenhagen alidai kwamba takwimu zilizotolewa hazikutosha, na kwamba haikuelekea chembe ndogo iliyosalia kuchani iweze kuua. Hoja hizo zilistahili kujibiwa kwa majedwali, na majedwali yalikuwa mezani kwa Semmelweis. Kwa upande mwingine, Gustav Adolf Michaelis wa Kiel aliisadiki habari iliyomfikia, akaanzisha unawaji wa klorini, kisha akalemewa na majuto kwa ajili ya wagonjwa aliowaambukiza bila kujua. Alijiua mwezi Agosti 1848.

Tarehe 15 Mei 1850 Semmelweis hatimaye alihutubia Chama cha Madaktari cha Vienna, na mjadala ukaendelea katika vikao vilivyofuata. Rokitansky, Hebra na Skoda walikuwa upande wake. Hata hivyo, hakukabidhi muswada wa hotuba yake, na kilichochapishwa ni muhtasari wa kikao tu. Mwezi Oktoba mwaka huohuo alipewa ruhusa ya kufundisha chuoni kwa sharti la kutumia sanamu pekee. Aliliona hilo kuwa ni dharau, akaondoka Vienna siku chache baadaye bila kuwaaga hata marafiki waliompigania.

5.0 Pest na Makala ya Kihungaria

Mjini Pest alishika wodi ya uzazi ya Hospitali ya Mtakatifu Rochus kuanzia mwaka 1851, bila mshahara. Katika kipindi cha miaka sita hapo, wanawake 933 walijifungua, na wanane walikufa kwa homa ya nifasi. Mwaka 1855 aliteuliwa kuwa profesa wa ukunga katika chuo kikuu cha Pest, na mwaka 1857 alimwoa Maria Weidenhofer.

Aliyemsukuma kuandika alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, Lajos Markusovszky, aliyeanzisha jarida la kitabibu la Orvosi Hetilap mwaka 1857. Mwaka 1858 Semmelweis alichapisha humo, kwa Kihungaria, maelezo ya chanzo cha homa ya nifasi, na mwaka 1860 makala nyingine iliyotofautisha nadharia yake na ile ya Waingereza. Makala hizo zilikuwa na faida mbili: zilimfunza mwandishi kupanga hoja zake, na ziliwapa madaktari wa Hungaria elimu hiyo kwa lugha yao wenyewe. Lakini mjadala mkubwa ulikuwa ukiendeshwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na washiriki wake wengi hawakuweza kusoma Kihungaria. Ilimbidi kuandika upya kwa Kijerumani.

6.0 Kitabu na Mapokezi Yake

Kitabu chake kilieleza chanzo, dhana na kinga ya homa ya nifasi katika kurasa zaidi ya 500. Thamani yake kuu ni majedwali. Yanaonyesha vifo vya Vienna tangu mwaka 1784, kabla na baada ya uchunguzi wa maiti kuwa sehemu ya mafunzo, na kuvilinganisha na vile vya hospitali ya uzazi ya Dublin. Ushahidi huo ulikuwa wa kiwango cha juu kwa wakati wake. Udhaifu ulikuwa katika utunzi. Hoja zilirudiwarudiwa, na nafasi kubwa ilitumika kuwajibu wapinzani mmoja mmoja kwa ukali. Aidha, alishikilia kwamba kila homa ya nifasi ina chanzo kimoja tu, wakati madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa mmoja huletwa na mambo mengi, naye hakuwa na njia ya kuwaonyesha kitu hicho kinachoua.

Mapokezi yalipokuwa baridi, kati ya mwaka 1861 na 1862 alichapisha barua za wazi kwa maprofesa wa ukunga, akiwaita baadhi yao wauaji. Kwa kuzingatia idadi ya wanawake waliokuwa wakiendelea kufa, ghadhabu yake inaeleweka. Lakini barua hizo ziliwapa wapinzani sababu ya kujadili tabia yake badala ya takwimu zake.

7.0 Mwisho Wake

Kufikia mwaka 1865 akili yake ilikuwa imevurugika. Mwishoni mwa Julai alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Vienna, na Hebra ndiye aliyempokea na kumfikisha huko. Alifariki tarehe 13 Agosti 1865, akiwa na umri wa miaka 47. Uchunguzi wa maiti yake ulionyesha sumu iliyoenea katika damu kutokana na jeraha, hali ya aina ileile aliyoiona kwa Kolletschka. Miaka miwili baadaye, Joseph Lister alichapisha katika jarida la The Lancet makala zake juu ya kuzuia uozo wa majeraha, bila kuijua kazi ya Semmelweis. Mwaka 1879 Louis Pasteur alieleza vijidudu alivyovikuta kwa wagonjwa wa homa ya nifasi.

8.0 Hitimisho

Si haki kumbebesha Semmelweis lawama yote. Alikuwa msaidizi mdogo chini ya profesa asiyemtaka, katika mji uliotikiswa na mapinduzi ya mwaka 1848, na alidai jambo zito: kwamba mikono ya waganga ndiyo iliyoua. Hata hivyo, maisha yake yanaonyesha kwamba asiyeandika huandikiwa, na anayeandikiwa hueleweka kwa kipimo cha aliyemwandikia. Makala fupi ya mwaka 1848, yenye majedwali yake na maelezo kamili ya vyanzo vyote viwili vya uozo, isingewashawishi wote. Lakini ingewanyima Levy na Simpson nafasi ya kuipinga nadharia ambayo Semmelweis hakuwa nayo, na ingewafikia matabibu wa aina ya Michaelis walio tayari kubadilika. Mwaka 2013 hati za ugunduzi wake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Kati ya hati hizo na siku ya kwanza ya klorini mwaka 1847 wamo wanawake wengi waliokufa katika hospitali ambazo hazikuwa zimesoma chochote kutoka kwake.