Gay-Lussac, Bwana Aliyepima kwa Matone

Sisi tunaosoma kemia hapa Arua hutaja bureti na pipeti kila juma, lakini ni wachache wanaomjua aliyeviita vyombo hivyo kwa majina hayo. Alikuwa Mfaransa, jina lake Joseph Louis Gay-Lussac. Napenda kuwasimulia maisha yake, maana kazi yake inafika hata jikoni kwetu Koboko.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 6 Desemba 1778 katika mji mdogo wa Saint-Léonard-de-Noblat. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, watu wa cheo kama chake walitiliwa mashaka, na baadaye baba akatiwa gerezani. Taabu hiyo haikumvunja moyo kijana. Mwaka 1797 aliingia chuo cha École Polytechnique huko Paris, na baada ya masomo mkemia mkubwa Berthollet akamchukua awe msaidizi wake.

Tangu ujana wake hakupenda kukisia neno linaloweza kupimwa. Mwaka 1804 alipanda angani peke yake kwa puto, akafika karibu mita 7,000, juu kupita kilele cha Rwenzori na hata cha Kilimanjaro. Huko juu kwenye baridi kali alijaza hewa katika chupa, akashuka nayo, akaipima. Akaona kwamba hewa ile imechanganyika sawasawa na hewa ya chini. Mwaka 1808, alipokuwa akitengeneza potasiamu, chombo kililipuka mbele yake, na macho yake yakaumia vibaya. Alipopata nafuu alirudi kazini.

Sasa nieleze habari ya majivu. Kwetu akina mama huweka majivu katika chungu chenye matundu, wakamimina maji juu yake, na maji yanayochujika huyatumia kulainisha maharagwe na mboga za majani. Yakiwa hafifu hayafai kitu. Yakiwa makali mno chakula huharibika. Mama huonja kwa ulimi, naye amezoea. Lakini je, mtu akinunua majivu kwa mizigo mia, ataonja yote?

Hilo ndilo lililowasumbua Wafaransa. Chumvi ya majivu, iitwayo potashi, ilinunuliwa kwa wingi na watengenezaji wa sabuni na vioo. Mzigo mmoja ulikuwa na alkali nyingi, mwingine umejaa uchafu na chumvi nyingine, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mnunuzi maskini ndiye aliyepata hasara. Bwana Descroizilles alikuwa amekwisha kutengeneza chombo cha kupimia alkali, na mwaka 1806 akaitangaza njia yake. Gay-Lussac aliisahihisha kazi hiyo. Majina ya pipeti na bureti aliyaandika mwaka 1824, na mwaka 1828 akaeleza namna ya kupima potashi ya biashara kwa asidi ya salfa na rangi ya litmasi.

Njia yenyewe ndiyo titresheni tunayofanya shuleni. Asidi huila alkali kwa kiasi maalumu, haizidi wala haipungui. Basi ukiijua nguvu ya asidi, na ukahesabu kiasi ulichomimina mpaka rangi igeuke, umeijua nguvu ya alkali. Tuseme nimechukua kwa pipeti sm³ 25 za maji ya majivu, nikatia matone mawili ya methili oranji. Katika bureti mna asidi ya hidrokloriki yenye moli 0.1 kwa lita. Rangi ya manjano ikianza kuwa nyekundu baada ya sm³ 20, nimetumia moli 0.002 za asidi. Tukihesabu alkali yote kuwa kabonati ya potasiamu, kila moli yake hutaka moli mbili za asidi. Kwa hiyo mna moli 0.001 katika sm³ 25, yaani moli 0.04 katika lita. Moli moja ni gramu 138, basi lita ile ina gramu 5.5 hivi. Lakini jihadharini: karibu na mwisho mimina tone moja moja, maana tone likizidi hesabu yote imekwenda upande.

Serikali nayo ilimhitaji. Fedha ya sarafu ilipimwa kwa moto, na moto ulipoteza sehemu yake kidogo, hata hesabu ikatoka pungufu. Gay-Lussac akaiyeyusha fedha katika asidi, akamimina maji ya chumvi yaliyopimwa mpaka pasiwe tena na ukungu mweupe. Njia hiyo aliitangaza mwaka 1832.

Alifariki Paris tarehe 9 Mei 1850. Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel pamoja na majina ya wataalamu wengine 71 wa Ufaransa.

Mimi namsifu hasa kwa sababu alitumia elimu kubwa katika jambo la sokoni. Tajiri na maskini wakibishana juu ya mzigo, kelele haziamui tena, tone huamua. Nasi tunaoshika bureti leo, tuisome alama ilipo kweli, si pale tunapotamani iwe.