Georges Méliès, Fundi wa Sinema

Wengi kwetu wanauliza kazi ya kupiga sinema inafundishwa wapi. Méliès, aliyezaliwa Paris mwaka 1861, hakupata mwalimu. Mwaka 1895 aliona sinema ya ndugu Lumière, akataka kununua mashini. Baba yao akakatala. Akanunua ingine Uingereza, ya kuonyesha tu. Akaifungua, akaigeuza ipige picha pia! Siku moja, alisimulia, filme ilikwama. Kumbe gari la abiria likaonekana kugeuka gari la maiti. Njo vile alijua kusimamisha mashini, kubadilisha kitu, kisha kuendelea. Alipiga filme karibu 500. Lakini feza ikaisha, na mwaka 1923 akachoma filme zake. Tulihuzunika sana hapo. Akauza vitu vya kuchezea watoto ndani ya gare ya Montparnasse. Alikufa mwaka 1938.