John Tyndall na chembe za moshi zisizoonekana

Mama, unapopika kwa kuni asubuhi hapo Kidahwe, tazama mwali wa jua unaopenya kwenye tundu la bati. Utaona chembechembe zinaelea. Nje ya mwali huzioni, lakini zipo, na mtoto uliyembeba mgongoni anazivuta.

Aliyelionyesha jambo hili vizuri ni John Tyndall, aliyezaliwa Ireland mwaka 1820, mtoto wa askari polisi. Alipima ardhi, akapima njia za reli, akafundisha shule, ndipo akaenda Ujerumani kusoma sayansi akiwa na miaka 28. Mwaka 1853 akawa profesa katika Royal Institution, London.

Huko alipitisha mwanga mkali kwenye chumba chenye giza. Mwanga ulipogonga chembe za vumbi au moshi ulitawanyika, na hewa ikang'aa. Kisha akapumulia ndani ya mwanga ule kwa bomba la kioo lililopashwa moto. Pumzi ya mwanzo ilikuwa bado na vumbi. Ya mwisho, inayotoka chini kabisa mapafuni, ilionekana nyeusi: haikuwa na chembe. Vumbi lilikuwa limebaki kifuani mwake! Alieleza haya mwaka 1870, mwaka mmoja kabla Stanley hajamkuta Livingstone hapo Ujiji.

Aliwatengenezea pia wazima moto kinyago chenye pamba iliyolowekwa gliserini, pamoja na mkaa wa kuchuja moshi.

Vipima hewa vingi vya leo hufuata njia hiyohiyo: leza humulika hewa, kifaa kinapima mwanga uliotawanyika, na ukizidi, ujue masizi ni mengi. Shirika la Afya Duniani linashauri chembe ndogo zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, wastani wa siku. Jiko la kuni lisilo na dirisha hupita hapo kwa mbali. Kwa hiyo tumia kuni kavu, fungua dirisha, na unapochemsha mawese mtoto akae nje na mtu mzima. Akikohoa na kupumua harakaharaka, au kifua kikibonyea anapovuta hewa, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Huenda ni nimonia.

Tyndall alifariki mwaka 1893. Mkewe Louisa, aliyekuwa akimuuguza, alimpa kimakosa dozi kubwa ya dawa ya usingizi akidhani ni dawa ya tumbo. Kosa liligundulika mara moja, lakini hakupona.